Barua kwa mwanangu: watu wa mjomba wako

Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako nimezipokea pamoja na za mke wako na wajukuu wangu, nami namshukuru Mungu kwamba mlifika Mwanza salama. Sisi hapa tumebaki wachache tangu tulipoanua matanga, na mjane wa mjomba wako anaendelea vizuri kuliko nilivyotazamia, ingawa bado anapika chakula cha watu wengi na kugawa kinachobaki kwa majirani.

Uliniandikia kwamba historia fupi ya marehemu iliyosomwa kanisani ilikwisha kabla hujaketi vizuri: alizaliwa Rungwe mwaka 1950, alimaliza shule ya msingi, alifanya kazi ya reli, alioa, alistaafu mwaka 2010, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kisha ukageuka nyuma ukaona uwanja wa kanisa umefurika watu usiowajua, wengine wameshuka na treni kutoka Mlimba na Makambako, na mtu mmoja mwenye mvi aliyetoka Zambia akimlilia mjomba wako kwa Kibemba. Ukauliza: mtu asiye na mali wala cheo aliwapa nini watu wote wale? Ukauliza tena, kwa adabu lakini nimekuelewa, kama alikuwa na fedha ambazo sisi wa nyumbani hatukuzijua.

Fedha hakuwa nazo. Daftari la rambirambi liko kwangu, na nimelipitia mara nyingi nikilifikiria swali lako. Jibu ninaloliona humo huenda likakushangaza: mjomba wako hakuwa mtoaji mkubwa. Wako watu katika ukoo wetu waliotoa zaidi yake, na maziko yao hayakujaa hivyo. Kaka yangu alikuwa mwombaji. Aliomba watu vitu vidogo, kila siku, maisha yake yote, nami nimefikia kuamini kwamba hicho ndicho walichomlilia.

Alianza utotoni. Baba yetu alipofariki, mama alibaki na sisi katika kijiji kile chenye mvua isiyokoma, na kuni zetu mara nyingi zilikuwa zimelowa, kwa hiyo kaka yangu ndiye aliyetumwa alfajiri kwenda kuomba moto kwa majirani. Watoto wengine waliona aibu kazi hiyo. Walichukua kaa la moto wakakimbia. Yeye aliketi. Aliuliza ng'ombe amezaa au bado, bibi mgongo unaendeleaje, akasaidia kumenya ndizi, na aliporudi mama alikuwa amekwisha kukasirika na moto umekaribia kuzima, lakini sisi tulikuwa nyumba pekee iliyojua habari za kijiji kizima kabla jua halijachomoza. Mama alimchapa kwa kuchelewa. Hakubadilika.

Habari za reli ya uhuru, yaani TAZARA ya Tanzania na Zambia, umezisoma shuleni, ila nataka uzione pale alipokuwa yeye. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wenyewe Novemba 1965, Zambia ilijikuta shaba yake inapita katika nchi ya watu wasioitakia mema, na Mwalimu Nyerere pamoja na Rais Kaunda walipotafuta fedha za kujenga njia ya kufika bandari ya Dar es Salaam, mataifa ya Magharibi yaliwaambia kwamba reli hiyo haitalipa. China ilikubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka uliofuata kaka yangu, kijana wa miaka 21, alituaga akapanda lori la vibarua. Wakampeleka kipande kigumu kuliko vyote, kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu kwa kupita mahandaki na madaraja mfululizo. Hapo alibeba mataluma, yale yanayolazwa chini ya vyuma vya reli. Yale ya reli ile ni ya zege, na ilihitajika miguu ya watu kadhaa iende kwa hatua moja, la sivyo mmoja anavunjika mguu.

Wataalamu wa Kichina waliwafundisha kwa vitendo, kwa sababu wakalimani walikuwa wachache. Kaka yangu aliniambia kwamba mtaalamu aliyekuwa juu ya kundi lao alikuwa mtu mkimya, ambaye jioni alilima bustani ya mboga nyuma ya hema lake peke yake, na vibarua walimwogopa. Yeye alimwendea akaomba mbegu. Hakuhitaji mbegu, maana alikula jikoni la kambi kama wenzake, lakini alipewa, akapanda vibaya makusudi au kwa kutojua, sikuwahi kupata ukweli wake, na yule mzee akalazimika kuja kila jioni kumrekebisha. Kufikia masika bustani ilikuwa ya kundi zima na mtaalamu hakuwa tena mtu wa kuogopwa. Reli ilikamilika, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, na Wachina wakarudi kwao, isipokuwa wale waliofia kazini. Makaburi yao yako Gongo la Mboto. Kila alipopata mapumziko ya kutosha Dar es Salaam, mjomba wako alipita pale kuwasalimu, na aliporudi alitueleza kana kwamba ametoka kuwatembelea wakwe.

Alipoajiriwa na TAZARA alianza kama mhudumu wa behewa, kisha akawa gadi, yule anayepeperusha bendera ya kijani ili dereva aondoke. Hapo ndipo alipopata watu wake. Treni ya abiria haikupita kila siku, kwa hiyo katika vituo vidogo kufika kwake kulikuwa sawa na siku ya soko: akina mama wanapanga masinia ya wali na samaki kandokando ya reli, watoto wanakimbilia madirisha, na mwenye barua au mgonjwa au mzigo anamtafuta gadi. Angeweza kupita kati yao kama mkubwa mwenye sare. Badala yake alishuka akiomba. Mlimba alimwomba mama mmoja mjane amwekee maji ya moto ya kunywa, kwa sababu, alisema, maji ya treni yanamuumiza tumbo. Tumbo lake lilikuwa zima kabisa. Makambako alimwomba kijana aliyekuwa amefeli darasa la saba amsomee barua ndefu, akisingizia miwani. Ifakara alimwomba mzee aliyekuwa mvuvi, ambaye miguu ilikuwa haimchukui tena kwenda mtoni, amchagulie samaki asiyelala, na yule mzee aliletwa kituoni na wajukuu wake kila treni ilipokuwa inatarajiwa, akakaa kwenye kiti chake akikagua masinia ya watu kama bwana afya.

Usidhani kwamba hakuwa akiwatendea lolote. Miaka ile ya mwanzoni mwa 1980, baada ya vita vya Kagera, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilipotea madukani, na mtu anayesafiri kwenda Zambia na kurudi alikuwa na nafasi ya kutajirika. Wako waliotajirika, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza baadhi yao walitupa magunia mtoni usiku. Mjomba wako alikuwa akibeba mche mmoja wa sabuni, au nusu kilo ya chumvi, kwa mtu mmoja mwenye shida inayojulikana. Lakini hakuwahi kumpa mtu mche wa sabuni bila kumwomba kitu papo hapo: ndizi mbili, kifungo kishonwe, mtoto akamwitie fulani. Nilimwuliza siku moja kwa nini anamdai mjane malipo kwa kitu kidogo kama kile. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali, akasema, “Nikimwachia hivi hivi, safari ijayo atajificha nikipita.” Sikumbuki kama aliwahi kulieleza jambo hilo kwa urefu zaidi ya hapo.

Sasa yule mgeni wa Zambia. Oktoba 1979, vita vya ukombozi wa Zimbabwe vikielekea mwisho, makomando wa Rhodesia walilipua daraja la reli la mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia. Mjomba wako alikuwa ng'ambo, upande wa Mpika, na njia ya kurudi ilikuwa imekatika. Alipewa hifadhi katika nyumba ya fundi mmoja wa karakana ya reli, naye akakaa hapo wiki kadhaa hadi alipopata lori la kumfikisha Tunduma kwa barabara. Ulikuwa msimu wa kutayarisha mashamba ya mahindi kabla ya mvua za Novemba. Asubuhi ya pili mgeni aliomba jembe, na jioni yake akaomba mwalimu wa Kibemba. Katika nyumba ile palikuwa na mtoto wa kiume mwenye kigugumizi, ambaye hata ndugu zake hawakuwa na subira ya kumsubiri amalize neno. Mjomba wako alimchagua huyo. Alisema yeye ni mtu mzima wa kichwa kigumu, anahitaji mwalimu anayesema polepole na kurudiarudia. Basi kila jioni walikaa nje, mtoto akifundisha na mgeni akikosea, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuwaharakisha. Mtoto huyo ndiye uliyemwona. Yeye mwenyewe sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, na kigugumizi bado anacho kidogo, kama ulivyosikia alipotoa salamu za rambirambi. Alisafiri siku mbili kuja kumzika mwanafunzi wake. Hivyo ndivyo alivyojitambulisha kwangu, akicheka na kulia kwa pamoja.

Nimefika mahali ambapo ningependa baba yako angekuwa hai akueleze mwenyewe. Kwa miaka mingi baba yako hakumpenda kaka yangu. Hakumchukia, ila alimwona mtu asiyejiheshimu, gadi mzima mwenye mshahara anayeomba chumvi. Alikuwa akisema, “Shemeji yangu ni ombaomba aliyevaa sare,” na mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Baba yako alikuwa fundi mitambo kiwandani, mtu wa kujitegemea, aliyejivunia kwamba hajawahi kukopa hata kiberiti. Katikati ya miaka ya 1990, wakati viwanda vya umma vilipokuwa vikifungwa na kuuzwa, kiwanda chao nacho kilifunga milango, na yeye akarudi nyumbani akiwa na sanduku lake la vifaa. Wewe ulikuwa mdogo. Unakumbuka tu kwamba baba alianza kukupeleka shule. Hukujua kwamba baada ya kukufikisha hakurudi nyumbani hadi jioni, kwa sababu hakutaka majirani wamwone amekaa barazani saa za kazi. Hakutaka kula nikiwapo. Watu walituletea msaada, na kila aliyeleta debe la mahindi alimwongezea ugonjwa, mpaka nikaanza kuwaomba wapitie mlango wa nyuma.

Mjomba wako hakuleta mahindi. Alikuja jioni moja na redio mbovu ya mama mmoja wa Mlimba, akaiweka mezani, akaanza kumlaumu baba yako kwamba mafundi wa Iyunga wamemlia fedha mara mbili na redio haisemi, na kwamba yule mama anamsubiri kituoni, na yeye ameahidi, na aibu itakuwa yake. Hakuuliza kama baba yako ana nafasi. Hakumpa pole. Alikasirika kweli au alijifanya kukasirika, akaondoka bila kunywa chai. Baba yako alikaa akiitazama ile redio hadi usiku, akaifungua. Safari iliyofuata ilikuja cherehani kutoka Makambako, kisha pampu ya maji ya misheni, taa za karabai, saa ya ukutani ya mkuu wa kituo fulani. Kila kifaa kilikuja na madai, na kila dai lilikuwa na jina la mtu na siku ya treni, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kukaa na huzuni. Malipo yalikuja kidogo kidogo, mengine kwa mchele wa Kilombero. Baada ya mwaka mmoja baba yako alipangisha chumba Mwanjelwa akaweka kibao, na karakana ile ndiyo iliyokulipia ada mpaka ukamaliza chuo.

Nilipompa kaka yangu asante, alikana. Alisema yeye ndiye anayedaiwa, kwa kuwa shemeji yake alikuwa amemwokolea jina lake katika vituo vyote. Na baba yako, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliacha kumwita ombaomba, akawa anamsubiri siku za treni akiwa ameweka viti viwili nje ya karakana. Walikuwa marafiki mpaka mauti ya baba yako, marafiki wa kubishana, hasa kuhusu reli ya kati na reli ya uhuru na ubaya wa mtu aliyeziacha zitofautiane upana, moja milimita 1,000 na nyingine 1,067, hata mzigo ukifika Kidatu ni lazima ushushwe na kupakiwa upya. Jambo hilo walilizungumza kwa uchungu kama la kifamilia.

Sitaki kukuachia picha ya malaika. Mkewe aliteseka na tabia hiyo hiyo. Mtu anayeomba kila mtu kitu hufuatwa na kila mtu, na nyumba yake haikuwahi kuwa na kitanda kitupu. Mara tatu kwa hesabu ya mkewe alimkuta mgeni asiyemjua amelala sebuleni naye mumewe yuko safarini. Akiba hakuweka. Nyumba waliyohamia alipostaafu isingeezekwa kama mimi na mkewe tusingeuficha mshahara wake. Aliongea mno, na siri aliyopewa Tunduma iliweza kufika Kisaki kabla ya mwenyewe. Watoto wake walimkosa katika siku nyingi ambazo sisi tulimpata, na mmoja wao aliniambia wakati wa matanga kwamba aliona wivu kuwasikiliza wale wageni. Nilimwelewa, sikumpa jawabu lolote, nikampa kazi ya kuandika majina ya wanaorudi na treni ya jioni.

Baada ya kustaafu, watu wa reli walimfuata nyumbani. Bado aliomba. Miezi ya mwisho, alipokuwa kitandani na sasa akihitaji kweli maji, kweli kusomewa, kweli kushikwa mkono kwenda msalani, ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea: hakuona haya hata kidogo, wala waliomhudumia hawakuonekana kubeba mzigo. Nimeuguza watu wengi katika ukoo huu, na wengi wao, hasa wale waliozoea kutoa, walikufa wakiwa na hasira ya kuhudumiwa. Yeye alilala pale akipangia watu kazi, akimwuliza kijana wa jirani kama ameimudu hesabu ya jana kabla ya kumwomba amgeuze upande wa pili.

Katika daftari la rambirambi fedha ni chache, lakini yako madebe ya mchele, kuku, mkungu wa ndizi uliosafiri kutoka Tukuyu, na redio moja ndogo iliyoandikwa na mkono nisioutambua, “Imetengenezwa na shemeji yake, bado inasema.” Redio hiyo nimeirudisha kwa mwenyewe, kwa sababu mjane alisema marehemu asingependa mtu akose habari kwa ajili yake.

Ibada ya shukrani na kujengea kaburi itakuwa Desemba, shule zikifungwa, ili yule mwalimu wa Mpika aweze kuja. Mjane anataka liandikwe jina, miaka, na neno “Gadi” chini yake, basi. Nakuomba mambo matatu, na tafadhali usinitumie fedha badala yake. Andika upya ile historia fupi, kurasa mbili tu, maana mchungaji amekubali isomwe tena. Njoo na dagaa wakavu wa huko, gunia dogo, kwa sababu watu wa Mlimba wamekwisha kutuma habari kwamba watakuja wengi. Na umpigie simu yule mwalimu mapema, Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu, umwulize kama atalala kwetu au kwa mjane, ila usimwahidi lolote, kwani mjane ameanza kutandika kitanda na mimi sijakubali bado.

Ni mimi mama yako.